Malalamiko kuhusu seti ya mihuri ya mpira ya kutengenezea kadi za salamu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO ZA MIHURI YA MAANDISHI NA PEDI YA WINO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kulalamikia seti ya mihuri ya mpira niliyoinunua kwenu kwa ajili ya kutengeneza kadi za salamu, pamoja na pedi ya wino mweusi iliyouzwa nayo. Ninalalamikia pia jibu nililopewa na idara yenu nilipoeleza kasoro hizo kwa mara ya kwanza. Jibu hilo lilisema kwamba mihuri haina tatizo, kwamba wanaoanza kazi hii huwa na mkono mzito, na kwamba seti ikishafunguliwa hairudishwi. Kwa heshima zote, hakuna hata hoja moja kati ya hizo inayogusa nilichowaandikia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kasoro ninazozizungumzia huonekana kwa macho kabla mhuri haujagonga karatasi yoyote.

Mihuri ya michoro sina ugomvi nayo. Ndege na tawi la majani hutoka safi kila mara, hata vijimishipa vya majani huonekana kimoja kimoja. Nalitaja hili kwa makusudi, kwani mkono unaogonga majani ndio huo huo unaogonga maandishi, juu ya karatasi ile ile na kwa wino ule ule. Kama tatizo lingekuwa mkono, majani nayo yangevurugika, tena yangekuwa ya kwanza kuvurugika kwa sababu mistari yake ni myembamba kuliko herufi.

Mhuri wenye maneno "Pole kwa Msiba" ndio mbaya kuliko yote. Ukigeuza kibao kilichogandishiwa mpira na kuutazama mpira huo kwa lenzi ya kukuzia, utaona kwamba herufi zimeinuka kidogo mno kutoka kwenye sakafu yake, yaani sehemu ya chini inayozizunguka, na kwamba vitundu vya herufi "o", "e" na "a" vimejaa mpira karibu kufikia usawa wa herufi zenyewe. Maana yake ni kwamba wino ukipakwa haushiki herufi peke yake, bali hushika na sakafu, na mhuri ukigongwa vitundu vinaziba na maneno yanazungukwa na madoa. Aidha, mpira haukukatwa kufuata umbo la maandishi. Umeachwa na ukingo mpana pande zote, na ukingo huo nao hubeba wino, ukaacha mstari mweusi mahali ambapo kadi ilipaswa kubaki nyeupe. Anayetengeneza mihuri kwa uangalifu huukata mpira karibu kabisa na herufi ili kuepusha jambo hilo hilo. Nimejaribu kuupaka wino kwa kuugusisha pedi juu juu badala ya kuukandamiza mhuri ndani yake, na ile mistari ya pembeni ikapungua, lakini vitundu vya herufi vikaendelea kuziba kama kawaida. Juu ya kasha mmeandika kwamba mpira umechongwa kwa kina. Kwenye mihuri ya michoro maelezo hayo ni ya kweli, kwenye huu si ya kweli.

Mhuri wa "Heri ya Siku ya Kuzaliwa" una ugonjwa mwingine. Neno la kwanza hutoka jeusi na la mwisho hufifia hadi kusomeka kwa shida. Niliuweka uso wake juu ya kipande cha kioo kilichonyooka, nao ukaacha upenyo upande wa neno la mwisho, kiasi kwamba mwanga unapita chini yake. Sponji iliyo kati ya mpira na kibao ni nyembamba zaidi upande huo, ilhali kazi ya sponji ni kuusaidia mpira ukae sawasawa juu ya karatasi hata mkono usipokandamiza kwa uzito ulio sawa kila mahali. Ushauri wenu kwamba nikandamize zaidi upande uliofifia nimeufuata. Matokeo yake kibao kinainama, neno la mwisho linaonekana, na neno la kwanza linapakazika.

Kuhusu mhuri wa "Hongera", tatizo lake liko kwenye gundi. Anayegonga mhuri wa kibao hauoni mpira ulio chini, hivyo hutegemea picha iliyochapwa juu ya kibao na kingo za kibao chenyewe ili kujua maandishi yatakaa wapi. Mpira wa mhuri huu umegandishwa umeinama. Nikikiweka kibao sambamba na ukingo wa kadi, kwa rula kabisa, neno linatoka likipanda upande wa kulia. Nikitaka linyooke inanibidi nikipindishe kibao kwa kukisia, na hapo picha ya juu haina faida tena. Naomba niseme kwamba kasha la mbao mlilopangia mihuri hiyo ni la kuvutia na limeungwa kwa ufundi, nalo ndilo kitu pekee katika seti nzima ambacho pembe zake nilizipima nikazikuta mraba.

Huenda mtu asiyefanya kazi hii akaona kwamba haya ni mambo madogo. Katika kadi nyingi maandishi hugongwa mwishoni, baada ya mchoro kugongwa, kukauka na kupakwa rangi, kwa hiyo kinachoharibika ni kadi iliyokwisha kukamilika. Wino ukishagusa manila haufutiki. Kadi za kuzaliwa zilizofifia mtu anaweza kuzitetea, lakini kadi ya rambirambi yenye madoa na mstari mweusi pembeni haipelekwi kwa mfiwa, inatupwa.

Sasa nije kwenye pedi. Lebo yake inasema kwamba ni wino wa pigmenti, unaokauka taratibu na kufaa kwa ule unga wa kuyeyusha unaofanya maandishi yainuke na kung'aa. Kama mnavyojua, wino wa namna hiyo una chembechembe ndogo za rangi zinazokaa juu ya karatasi, na kwa kuwa hubaki mbichi kwa muda, unga ukinyunyizwa hunata juu yake, kisha ukapulizwa hewa ya moto ukayeyuka. Wino mwepesi wa kawaida hunyonywa na karatasi na kukauka upesi, na unga haupati pa kunatia. Wino wa pedi yenu huzama mara tu unapogusa manila, na kwa lenzi unaonekana ukitambaa kufuata nyuzi za karatasi. Unga ukinyunyizwa hudondoka karibu wote, ukabaki hapa na pale kama vipele. Unga huo huo, kwenye manila hiyo hiyo ya gramu 250 kwa mita ya mraba, nilipoutumia pamoja na pedi nyingine ya wino wa pigmenti ulinata kila mahali na herufi zikainuka vizuri. Zaidi ya hayo, brashi yenye maji ikipita juu ya mchoro uliogongwa kwa wino wenu, hata baada ya kuachwa usiku kucha, weusi unayeyuka na kuchafua rangi za maji zilizo pembeni. Sisemi kwamba wino huo haufai kwa kazi yoyote. Kwa anayegonga mhuri bila kutia unga wala rangi za maji, kukauka upesi ni sifa njema. Ila mimi nililipia wino mwingine, na lebo iliniahidi huo mwingine.

Ama hoja ya kwamba seti iliyofunguliwa hairudishwi, ningependa kuelezwa ni kwa njia gani mnunuzi angegundua kwamba mpira umegandishwa umeinama, au kwamba wino si ule ulioandikwa, wakati kasha limefungwa kwa plastiki na mihuri imelala kifudifudi ndani yake. Sharti hilo linaeleweka kwa mtu aliyebadili mawazo baada ya kununua. Kwa bidhaa yenye kasoro ya kiwandani sharti hilo halina mantiki, na sioni kama ndivyo mlivyokusudia mlipoliweka.

Ninachoomba si kikubwa. Naomba mihuri mitatu niliyoitaja ibadilishwe kwa mingine iliyokaguliwa kwa kugongwa kwenye karatasi kabla ya kutumwa, pedi ibadilishwe kwa yenye wino unaolingana na lebo, na gharama ya kurudisha bidhaa hizi ibebwe na kampuni. Endapo mihuri mliyo nayo ghalani ina kasoro hizo hizo, basi nirudishiwe fedha za seti nzima, kwani seti ya kadi za salamu isiyo na maandishi ya salamu hainifai. Naomba pia maelezo ya lebo ya pedi yarekebishwe, maana mnunuzi mwingine ataamini maneno hayo kama nilivyoyaamini mimi.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za uso wa kila mhuri zilizopigwa kwa karibu, picha ya mhuri ukiwa juu ya kioo, na karatasi yenye chapa za mihuri yote, michoro na maandishi, zilizogongwa kwa mfululizo ili mweze kuzilinganisha. Naomba barua hii isomwe na mtu anayeifahamu kazi ya mihuri, akiwa na karatasi hiyo mkononi, kabla ya kunijibu. Nitasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea, na nisipolipata nitawasilisha malalamiko haya, pamoja na viambatisho vyake, kwenye chombo kinachosimamia haki za walaji.

Wako mwaminifu,

Mteja (jina na namba ya oda vimo kwenye risiti iliyoambatishwa)