Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwakilishi wetu: sufuria zimenyimwa

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta u mzima, huko Chukwani kwenye vikao vya Baraza la Wawakilishi au popote ulipo, maana sisi huku Kaskazini Pemba hatujakutia machoni tangu usiku ule wa maulidi. Barua mbili za mwanzo nilizipitisha kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, ya tatu nikampa mkononi kijana wa ofisini kwako. Jibu sikupata. Hii naiandika hadharani, kwa sababu barua ya hadharani haina bahasha ya kupotea.

Mimi ni yule mama wa duka la njia ya skuli. Umri wangu ni wa kukuita mwanangu, lakini cheo kina heshima yake. Nitakuita Mheshimiwa mpaka mwisho, nikijaaliwa subira.

Usiku ule watu wamekwisha kula, ukapewa kipaza sauti utoe shukrani. Ukashukuru. Kisha ukaongeza, wala hukuombwa, kwamba wako viongozi wakubwa wanaoirudisha nchi nyuma, na dawa yao ni kushtakiwa, wapigiwe kura, waondoke, mambo yaishe, nchi itulie. Ukasema Kenya wamekwisha kutuonesha njia. Jina hukutaja. Ukapanda gari ukaenda zako Chake kulala, asubuhi ndege.

Sasa nikueleze yaliyotokea vumbi la gari lako lilipotulia. Kwa kuwa jina hukulitaja, kila mtu alitia lake. Waliokaa chini ya mwembe walisema umemkusudia mtu wao. Waliokaa ukutani kwa msikiti wakasema hasha, mtu wao ndiye uliyemkusudia. Pande mbili umezitukana kwa maneno yale yale, na kipaji hicho, Mheshimiwa, si cha kila mtu. Kufika asubuhi, fundi cherehani na muuza samaki, ambao huwezi kuwatenganisha kwenye bao hata adhana ikiadhiniwa, kila mmoja alikuwa na baraza yake. Wewe una Baraza moja, lina viyoyozi na Spika wa kuwanyamazisha mkizidi. Sisi tuna baraza za saruji na hakuna wa kutunyamazisha.

Binti yangu anaolewa Ijumaa hii. Siku ya tatu baada ya maulidi nikaenda kwa jirani kuomba sufuria, zile kubwa za mtaa, za pilau ya harusi na hitima. Naomba uzijue historia yake. Tulizinunua kwa mchango mwaka 2011. Aliyetoa elfu mbili alitoa, aliyetoa elfu kumi alitoa, na hakuna aliyeulizwa ana kadi ya rangi gani. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, tulipokubali kwa asilimia 66.4 kuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, pande mbili zitawale pamoja. Watu walikuwa na furaha ya kijinga, kila mmoja anatafuta kitu cha kuchangia. Tukachangia sufuria. Zikawekwa kwa jirani kwa kuwa ana banda kavu.

Jirani akanijibu kwamba sufuria zina kazi.

Zina kazi gani sikumuuliza. Nimezaliwa kisiwa hiki, neno hilo najua linamaanisha nini. Jioni yake kadi tatu za mwaliko zikarudi, zimeletwa na watoto, na watoto hawajui wamebeba nini.

Huenda ukasema, mama huyu ananiandikia mimi mambo ya sufuria. Ngoja basi nikueleze kwa nini usingizi umeniruka. Wewe mwaka 2016 hukuwa huku, ulikuwa ng'ambo unasoma. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi wetu ulifutwa, tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa, upande mmoja ukaususia. Baada ya hapo tukasusiana sisi wenyewe. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikwenda kupiga kura siku ile ya marudio. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Duka likakaa miezi bila ya mtu kununua hata kibiriti. Sukari iliganda kwenye gunia nikawa naivunja kwa mchi. Gari za abiria zilikuwa zinanipita nimesimama na mkono juu, kondakta ananitazama usoni, na kondakta huyo nilimnyonyesha pamoja na mwanangu. Wakafa watu. Mama mkwe alipofariki, jeneza lilibebwa na wanaume wale wale tokea nyumbani mpaka kaburini. Unajua maiti wa Kipemba anavyokwenda: watu wanagombea bega, hukai hatua kumi umekwisha kupokewa. Siku ile hapakuwa na wa kupokea. Mume wangu alirudi na kanzu imechanika begani, akakaa kitandani, hakusema neno mpaka alfajiri.

Na si kwetu tu, nisije nikaonekana nalia peke yangu. Waliosusia uchaguzi nao walikuwa na machungu yao, na baadhi ya machungu hayo ni ya tangu Januari 2001, watu walipopigwa risasi na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka kwa ngalawa na mashua kwenda Shimoni, Kenya. Ami yangu alikuwa mmojawapo. Kwa hiyo nimelala nyumba moja na pande zote mbili.

Ulipokuja kuomba kura ulikaa juu ya gunia langu la mchele, ukanywa chai yangu, ukasema siasa za kususiana wajukuu zangu watazisikia kwenye hadithi tu. Nimeyahifadhi maneno hayo kama suratul Fatiha. Pampu ya maji nayo uliahidi, lakini leo pampu siisemi.

Turudi kwa hoja yako ya Kenya, maana redio tunasikiliza sote. Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilimpigia kura Naibu Rais Rigathi Gachagua, 281 kwa 44. Tarehe 17 mwezi huo Seneti ikamtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11, yeye mwenyewe ikisemekana yuko hospitali, na maseneta wakaona hapana haja ya kungoja. Tarehe 1 Novemba Kithure Kindiki akaapishwa. Sasa ndiyo mambo yakaisha? Gachagua mwaka uliofuata akaanzisha chama chake, na wako watu wengi wa Mlima Kenya, huko kwao, wanaosema walioondolewa serikalini ni wao. Simtetei mimi, mtu aliyeilinganisha serikali na kampuni yenye wenye hisa sina haja naye. Lakini waliomwinua 2022 na waliomwangusha 2024 wengi wao ni wale wale. Ukiwa mtu wa kwao utaamini imefanywa sheria, au utaamini umegeukwa?

Marekani nako, Trump alishtakiwa na Bunge mara mbili, 2019 na 2021. Mara ya pili maseneta 57 walimwona na hatia, zikitakiwa kura 67. Januari 2025 akarudi Ikulu yao, na watu wake wamemzidishia mapenzi kwa sababu ya mashtaka yale yale.

Kijana wa dada yangu, amesoma sheria, akanipinga. Akasema, Mama mdogo, mbona Korea Kusini iliwezekana? Ni kweli. Rais wao, Yoon Suk-yeol, alitangaza utawala wa kijeshi usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, askari wakaingia bungeni watu wanaangalia kwenye televisheni. Bunge likamshtaki, na tarehe 4 Aprili 2025 majaji wote 8 wa Mahakama ya Katiba wakasema aondoke. Hapo nakubali, kosa kila mtu aliliona kwa macho yake kabla ya kura. Hata hivyo mwezi Januari wafuasi wake walikuwa wamevamia mahakama na kuvunja madirisha. Sasa wewe, Mheshimiwa, kosa la mtu wako tulione wapi, na jina lake umelimeza pamoja na pilau ya maulidi?

Kijana huyo huyo akanifungulia Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 46A. Kumshtaki Rais si maneno ya kipaza sauti. Hoja inataka sahihi za asilimia 20 ya Wabunge wote, taarifa kwa Spika siku 30 kabla, kamati ya uchunguzi ambayo Jaji Mkuu wa Zanzibar naye yumo, mshtakiwa apewe nafasi ajitetee, kisha theluthi mbili. Waliotunga walijua kitu hiki ni moto, ndiyo maana wakauzungushia mafiga mengi. Wewe umechomoa kijinga kimoja cha moto, ukakiacha kwenye makuti ya watu, ukaenda kuwahi ndege.

Na sisi Wazanzibari hatuna haja ya kwenda Kenya wala Korea kujifunza. Januari 1984 Mzee Aboud Jumbe, Rais wetu wa Zanzibar, aliondoka madarakani. Halmashauri Kuu ya chama tawala, CCM, ilikutana Dodoma, sisi tukaambiwa hali ya hewa ya kisiasa imechafuka, mara tukasikia amejiuzulu. Hatukusomewa mashtaka, hatukusikia utetezi. Mie nilikuwa mtoto wa kuchuma karafuu za chini, nakumbuka wazee wakiizima redio na kuiwasha tena kama kwamba redio ndiyo iliyokosea. Januari 1988 ikawa zamu ya Maalim Seif Sharif Hamad, akaondolewa Uwaziri Kiongozi, Mei akafukuzwa chama, mwaka uliofuata akatiwa ndani mpaka 1991. Mambo yakaisha? Mwaka 1992 kikaja chama cha upinzani cha CUF na yeye ndani yake, na kwenye uchaguzi wa 1995 viti vyote 21 vya Pemba vikaenda huko. Vyote, Mheshimiwa. Mtu mmoja kaondolewa ofisini, miaka saba baadaye kisiwa kizima kimemfuata.

Kinyume chake mwenyewe unakijua. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wakazungumza. Hakuna aliyeondolewa. Mwaka wa pili yake kura ya maoni, mwaka wa tatu yake sufuria.

Sisemi kiongozi asiguswe. Akiiba ashtakiwe, akivunja Katiba ashtakiwe, awe wa upande wangu au wa upande wa jirani. Ninachokataa ni kuondolewa mtu na wale tu wanaomchukia, kwa mambo ambayo wanaompenda hawajapata kuyasikia. Huko Chukwani itaitwa kura. Hapa kwetu itakuwa jeneza halina wa kulipokea.

Kwa nini ulisema yale, nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Wako wanaodhani kuna cheo unakitaka. Fundi cherehani anasema umetumwa. Mimi nadhani, na nikikosea utakuja unisahihishe, kwamba uliona watu wameshiba na kunyamaza ukataka kupigiwa makofi. Makofi ulipigiwa, nami nilikuwepo. Wachache, lakini ulipigiwa.

Basi ombi langu. Njoo. Kaa kwenye baraza ya saruji, baina ya mwembe na msikiti, taja jina, taja kosa, weka ushahidi, na wanaompenda huyo mtu wapewe nafasi wamjibie. Ikiwa kosa lipo tutaliona sote. Ikiwa halipo, sema halipo, omba radhi, unywe chai urudi. Kama jina huwezi kulitaja, njoo useme kwamba hukumkusudia mtu. Na kama hilo nalo zito, njoo tu, usiseme kitu, kaa baina ya fundi cherehani na muuza samaki uwaangalie wakicheza bao. Lakini njoo. Si kwa simu ya sheha, si kwa kijana wa ofisini. Pampu siisemi.

Harusi ni Ijumaa. Nyama nimeshalipia, mchele tunaanza kuuchambua Jumatano, na moto unawashwa Alhamisi baada ya isha. Nimeazima sufuria mbili mtaa wa pili, ndogo, nitapika kwa mafungu, wageni wa mwisho watakula alasiri. Duka nalo mauzo yameanza kushuka, jana nimeuza mikate minne. Simlaumu mtu, huenda ni mwisho wa mwezi.

Ikiwa safari ya Pemba haikuwezekana kabla ya Alhamisi, nakuomba jambo moja dogo. Mpigie simu jirani yangu, umwambie afungue banda. Namba yake unayo, Mheshimiwa. Ndiye aliyekushikia kipaza sauti.

Wako katika jimbo,
Mama wa duka la njia ya skuli,
Kaskazini Pemba