Si kila nyota ilipukayo huonekana

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu nyota zinazolipuka nimeisoma mara mbili, mara ya pili penseli mkononi. Mwandishi anasema nyota ililipuka katika M82, galaksi (yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota) iliyo mbali na yetu, na kugunduliwa Januari 2014 na Steve Fossey na wanafunzi wake kule London. Hapo hana kosa. Kisha anaongeza kwamba kabla yake galaksi hiyo ilikaa miaka mingi bila mlipuko wowote. Hapo ncha ya penseli ilivunjika.

Mimi ni fundi redio, nina miaka 31 kazini hapa Lushoto, na mambo ya mawimbi siyaachi yapite hivi hivi. Mwaka 2009 Andreas Brunthaler na wenzake waligundua supanova, yaani nyota iliyolipuka, ndani ya M82 hiyo hiyo, kwa antena za VLA, kundi la darubini za redio lililoko New Mexico, Marekani. Ilikuwa imelipuka mwanzoni mwa 2008, ndipo ikaitwa SN 2008iz. Darubini za kawaida hazikuwa na habari nayo.

M82 iko umbali wa miaka nuru milioni 12 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Katikati yake nyota huzaliwa kwa fujo, na zile kubwa haziishi sana. Hulipuka palepale zilipozaliwa, zingali zimefunikwa na vumbi. Vumbi humeza mwanga, ila wimbi la redio ni refu mno kuliko chembe zake, hivyo hupenya. Aliyewahi kupanda Lushoto asubuhi ya ukungu anajua: dereva haoni kona, lakini redio ya basi haikosi neno.

Na utamu wenyewe mwandishi kauacha. Ile ya 2014, iliyoonekana waziwazi, haikunaswa redioni hata kidogo, ingawa antena za Ulaya ziliitegea. Mawimbi hayo hutoka pale mlipuko unapogonga gesi ambayo nyota kubwa iliitema kabla ya kufa. Ya 2014 ilikuwa kibete cheupe, nyota ndogo iliyokwisha kuchoka, na kando yake inaelekea palikuwa patupu. Kwa hiyo hata ule ukimya uliwapa wataalamu la kusema: wengi waliona si rahisi kwamba ilikuwa ikinyonya gesi ya nyota jitu jirani, maana jitu hilo lingeacha gesi kando yake.

Naomba basi sentensi ile irekebishwe toleo lijalo. Isomeke “bila mlipuko kuonekana”.

Fundi redio,
Lushoto, Tanga