Barua kwa mwanangu: saa tisa ya Kairo si saa tisa yetu

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Tarehe zako nimeziona: siku 4 za Kairo katikati ya Desemba. Zinatosha ukijua pa kuanzia, na zitakupotea zote barabarani ukienda ovyo. Nakuandikia sasa ili usome kwa utulivu, mama, si uwanja wa ndege huku umeshika mabegi.

Anza na namba. Ulizijua tangu chuoni, kwenye namba za aya, lakini kuzisoma kwenye msahafu ni tofauti na kuzisoma ubavuni mwa basi linaloondoka. Kiduara ٥ ni tano, nukta ٠ ndiyo sifuri. Ile ٦ inayofanana na 7 yetu ni sita. Saba ni ٧ na nane ni ٨. Bei iliyoandikwa ٦٥ jicho lenye haraka litaiona 70, kumbe ni 65. Namba za magari, namba za mabasi, bei za matunda sokoni, zote zimeandikwa hivyo. Ukiita teksi kwa programu ya simu, linganisha namba ya gari herufi kwa herufi kabla hujafungua mlango. Jizoeze wiki nzima kwa kuandika namba za simu za nyumbani kwa tarakimu hizo.

Ukizisikia ni jambo jingine tena. Kiswahili chako kitakubeba nusu ya njia, kisha kitakuponza. Ishirini, arobaini, hamsini, sitini, utazitambua hapo hapo. Ila watu wa Kairo hawatamki "th" kama sisi: thelathini wanasema talatin, themanini ni tamanin. Herufi qaf wanaimeza, ndiyo maana kahawa kwao ni ahwa. Jim wanaitamka g, hivyo pauni yao ni gineh. Na tarakimu ndogo hutangulia: khamsa w-ishrin ni "tano na ishirini", yaani 25. Sisi tumezoea kusikia kubwa kwanza, na hapo ndipo mtu anachanganya 25 na 52 na kutoa pesa maradufu. Bei ikitajwa haraka, mpe muuzaji simu yako aiandike.

Sasa saa. Mwenyeji akikwambia mkutane es-saa tis'a asubuhi, anasema saa tatu yetu. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, lakini maneno ni yale yale. Neno "tisa" litakuingia sikioni kama la kwenu na utachelewa kwa saa sita. Kila miadi andika kwa tarakimu pamoja na neno asubuhi au jioni. Na Desemba Misri wako nyuma yetu kwa saa moja. Kiangazi wanasogeza saa mbele na tunakuwa sawa.

Neno jingine la kujihadhari nalo ni "tafadhali". Ukilisema ukiomba kitu, wao wanasikia itfaddal, yaani karibu, pita, chukua. Utaonekana unamkaribisha muuzaji dukani kwake mwenyewe. Ukiomba sema min fadlak kwa mwanamume, min fadlik kwa mwanamke. Ghali ni ghali vile vile, na rahisi ni rikhis, kwa maana ya bei tu.

Pesa. Noti zao zina Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Geuza kila noti uone tarakimu ulizozoea. Kuna noti ya senti 50, wanaita qirsh, na kuna ya pauni 50. Ujanja wa siku nyingi ni huu: unatoa ya pauni, mtu anaishusha chini ya meza, anainua ya qirsh na kukwambia umekosea. Kwa hiyo taja kiasi kwa sauti unapotoa, "khamsin gineh", na usiachie noti kabla hajakujibu. Chenji wanaiita fakka, na kila mtu anaitafuta. Ukinunua kitu dukani kwa noti kubwa asubuhi, omba urudishiwe za 5, 10 na 20, uziweke mfuko wa peke yake. Ndizo za bakshishi: anayekuwekea viatu msikitini, mama wa chooni. Kwa huduma ndogo kama hizo 10 au 20 inatosha. Tiketi za serikali za makumbusho na majengo ya kale, kinyume chake, sehemu nyingi hulipiwa kwa kadi ya benki tu, kwa hiyo waarifu benki yako kabla hujaondoka kwamba kadi itatumika Misri. Kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi kinapunguza bei hadi nusu sehemu nyingi. Kibebe.

Kuvuka barabara nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Kwanza, Misri wanaendesha upande wa kulia. Shingo yako imezoea kugeuka kulia kwanza. Kule gari la kwanza linakujia kutoka kushoto. Pili, magari hayasimami. Dereva wa Kairo anakadiria mwendo wako na kukupita mbele au nyuma, kwa hiyo hatari kubwa ni kusita katikati au kurudi nyuma ghafla, maana hesabu yake inaharibika. Subiri mwenyeji anayevuka, ikiwezekana mama mwenye watoto, simama upande wake usiotokea magari, tembea naye kwa mwendo ule ule. Usishike simu.

Foleni ikupungukie kwa kutumia metro. Ilianza 1987, ya kwanza Afrika, na mpaka leo ndiyo njia ya haraka. Nauli inategemea idadi ya vituo. Tiketi usiitupe, mashine ya kutokea inaidai. Kila treni ina mabehewa ya wanawake, yameandikwa sayyidat. Angalia alama jukwaani usimame mahali pake. Jihadhari na mlango: ukikaribia kituo chako sogea mapema, maana wanaopanda hawangoji wanaoshuka.

Siku ya kwanza nenda Mtaa wa al-Muizz, na uutembee kutoka kaskazini kwenda kusini. Wageni wengi wanashushwa soko la Khan el-Khalili katikati ya mtaa, wanazunguka kwenye vinyago na sahani za shaba, kisha wanaondoka wakidhani wameiona Kairo. Shuka metro ya Bab el-Shaaria saa 3 asubuhi, utembee kuelekea mashariki mpaka Bab al-Futuh, lango la mwaka 1087. Ukiingia hapo umeingia mji ambao Wafatimi, watawala wa Kishia wa zamani hizo, waliujenga kuanzia 969, na kutoka lango hili mpaka Bab Zuwayla upande wa kusini ni kama kilomita moja na nusu. Kilomita moja na nusu inakula siku nzima.

Kushoto tu baada ya lango kuna Msikiti wa al-Hakim, uliokamilika 1013. Marumaru yake nyeupe utayaona mapya, na ni kweli: Mabohora waliukarabati na kuufungua tena 1980, jamaa wa wale wale wenye misikiti Zanzibar, Mombasa na Dar. Kaa kidogo uani, asubuhi hakuna kelele. Ukiendelea, kichochoro cha Darb al-Asfar kushoto kina Bayt al-Suhaymi, nyumba ya 1648 yenye madirisha ya mbao za kukereza ambayo mwanamke aliona nje bila kuonekana. Kisha Msikiti wa al-Aqmar, 1125. Usiupite mbio. Uso wake umefuata mtaa, lakini ndani msikiti umegeukia kibla, na ukuta wa mbele umenenepa upande mmoja ili kuficha tofauti hiyo. Simama mlangoni utazame unene wa ukuta, utaelewa fundi alivyofikiri.

Mtaa unapogawanyika utaiona sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda, 1744: chini maji ya kunywa kwa wapita njia, juu chuo cha watoto cha Kurani. Baada yake, kulia, majengo ya Wamamluki, masultani waliotawala Misri baadaye, yamepangana, Barquq, al-Nasir Muhammad na Qalawun. La Qalawun lilijengwa 1284 hadi 1285 na lilikuwa na hospitali, madrasa na kaburi lake. Kama nguvu zako zinatosha jengo moja tu la kulipia, lipia hili. Kuba la kaburini linataka dakika 20 za kukaa kimya ukingoja macho yazoee mwanga wa vioo vya rangi. Tiketi moja ya mtaa inafungua majengo kadhaa, kwa hiyo uliza kabla ya kukata ya jengo moja moja.

Hapa atatokea kijana mwenye adabu sana. Atakwambia msikiti umefungwa kwa swala, njoo kwanza uone duka la mjomba. Wewe nyakati za swala unazijua: Desemba alasiri yao inaingia kabla ya saa 9 mchana na jua linatua karibu saa 11 jioni. Ukiambiwa "wanaswali" saa 4 asubuhi, sema shukran na uendelee bila kusimama. Usumbufu wa vijana nao utakutana nao. Usijibu hata neno moja, ingia duka lolote lenye wanawake.

Khan el-Khalili ipo, ilianza karne ya 14, na kuna vitu vizuri na vya uongo kwenye meza moja. Dhahabu na fedha huuzwa kwa gramu, kwa hiyo uliza bei ya gramu ya siku hiyo na malipo ya ufundi kila moja peke yake, na utake muhuri. "Zafarani" ya kuuzwa kwa gunia si zafarani, ni usfur, ua jingine kabisa. Inatia rangi, harufu haina. Mafunjo (karatasi za papiro) ya kweli ukiyaelekeza kwenye mwanga utaona nyuzi zimekatana wima na ulalo, na ukiyakunja hayapasuki. Ya majani ya migomba yanavunjika. Kupatana bei fanya tu kwa kitu unachokitaka. Ukitaja bei ikakubaliwa, nunua. Kuondoka baada ya hapo ni utovu wa heshima kwao kama ilivyo kwetu.

Pita njia ya chini ya ardhi karibu na Msikiti wa Al-Azhar uvuke barabara kubwa. Al-Azhar ilifunguliwa kwa swala 972, na vijana wetu wengi wa pwani wamesoma pale. Ingia na ushungi wako, viatu vibebe kwa kugusanisha soli. Usishangae ukisikia Kiswahili uani, salimia. Mbele yako ni majengo ya Sultani al-Ghuri, soko la nguo ambamo wageni ni wachache na bei ni za wenyeji, kisha Bab Zuwayla ya 1092. Minara juu ya lango ni ya Msikiti wa al-Mu'ayyad uliopakana nalo. Chini yake ndipo alinyongwa Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki, 1517. Ukikuta pamefunguliwa, panda. Nje ya lango ni mtaa wa mafundi wa khayamiya, vitambaa vya kushona kwa mkono kipande juu ya kipande. Geuza upande wa nyuma: kazi ya mkono ina mishono, kitambaa cha kuchapwa hakina. Vyote vinauzwa pale, usilipe bei ya mshono kwa cha kuchapwa.

Chakula kisikutishe. Asubuhi kula ful na taamiya, zote za maharage makubwa makavu. Chagua kibanda chenye foleni, maana mafuta yanachemka muda wote. Mchana koshari: wali, dengu za kahawia, tambi, makaroni, dengu kubwa za mviringo (chickpeas), rojo la nyanya na vitunguu vya kukaanga. Mwagia daqqa kwanza, ile ya siki na vitunguu saumu. Shatta weka tone tone, pilipili yao haina huruma. Agiza saizi ndogo, inakutosha. Maji ya chupa, na uukague mfuniko. Barafu uiache.

Makumbusho nayasema kwa ufupi. Usifuate makala za zamani za intaneti: vitu vya Tutankhamun, yule farao kijana, sasa viko Makumbusho Makuu ya Misri kule Giza, yaliyozinduliwa rasmi Novemba 2025, si tena makumbusho ya zamani ya Tahrir. Tiketi yake nunua mapema mtandaoni, ina saa ya kuingia. Maiti za wafalme zilihamishiwa makumbusho ya Fustat Aprili 2021. Piramidi na makumbusho ya Giza vifanye siku moja, ukiondoka mapema. Ijumaa asubuhi barabara ni tupu, lakini maduka mengi hayafunguki mpaka baada ya swala. Tumia asubuhi hiyo kwenda Msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika 879, ila utoke kabla ya swala kama huswali hapo.

Begi lako: sweta nzito, usiku baridi inashuka hadi karibu nyuzi 10. Adapta ya pini mbili za duara, soketi zao si za mraba kama zetu. Viatu bapa, mawe ya mtaa yana utelezi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, si kwenye sanduku. Usipige picha askari, vizuizi wala majengo ya serikali.

Ukifika hotelini nitumie ujumbe, hata ikiwa usiku. Kwangu itakuwa saa moja zaidi, na nitakuwa macho.

Mama yako