Dada, kitanda kimepatikana tena

Dada yangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu. Naandika hapa kwa sababu najua hapa huwa unapita. Kitanda cha mtoto wako kimepatikana tena katika wodi ya wagonjwa wanaojinyima kula, ni Jumatatu. Safari hii sitaki tubishane koridoni mbele ya mtoto, basi tuyamalize sasa.

Mara ile ilikuwa siku ya tano tangu alazwe na kuanza kulishwa upya. Asubuhi walikuwa wamemtoa damu na majibu hayajarudi. Wewe ukakuta miguu imevimba, ukibonyeza kifundo kinabaki na kishimo, tumbo limejaa kama ngoma, naye analia. Ukasema, "Nimemleta amekonda, sasa wananivimbishia mtoto." Ukatia sahihi karatasi ya kuondoka kinyume na ushauri wa daktari, ukapiga magoti kumvalisha viatu, na viatu havikuingia. Mkatoka amevikanyaga visigino. Mimi viatu vile sijavisahau.

Siku ya tano, Dada! Mwili uliozoea njaa huishi kwa kujila wenyewe, mafuta na misuli. Chakula kikirudi, hasa cha wanga, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hupanda, na seli huanza kuvuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa pupa, wakati akiba mwilini imeshakwisha. Fosfeti ikishuka sana, misuli hulegea, hata ile ya kupumulia, na moyo unaweza kuvurugika mdundo ghafla. Hatari huwa kubwa zaidi katika wiki ya kwanza ya kulishwa upya. Ndiyo maana ya zile sindano za kila siku za kutoa damu ulizoziita ukatili. Ndiyo maana walimpa vitamini B1 kabla ya sahani ya kwanza, wakawa wanaongeza chakula kidogo kidogo huku wakimpima umeme wa moyo. Ulimtoa katikati ya daraja.

Na uvimbe? Insulini ileile huzifanya figo zishike chumvi, na chumvi hushika maji. Daktari angehakikisha moyo na figo ziko salama, kisha angesubiri, kwa kuwa kwa kawaida maji hayo huondoka yenyewe baada ya siku kadhaa au wiki chache. Tumbo nalo, likikaa na njaa muda mrefu, huwa vivu kusukuma chakula, kwa hiyo hata kidogo humjaza na kumuuma. Dawa ya tumbo hilo ni kula kwa saa zilezile kila siku. Kulipumzisha ni kulirudisha lilikotoka.

Utaniambia hakufa. Kweli, na namshukuru Mungu. Lakini ugonjwa ulijifunza kitu siku ile: akilia vya kutosha, mama atakuja na viatu.

Sauti niliyokupigia naiombea radhi. Maneno niliyosema siyaombei. Wewe ndiye uliyeona mapema kuliko sisi sote, alipoanza kuvaa sweta mchana wa jua, tukakucheka. Jicho hilo ndilo ninalolihitaji Jumatatu.

Ila lile neno "kiburi" unalousemea ugonjwa wake liache nyumbani. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili. Walianza kuota chakula, kukusanya mapishi, kuchezea sahani muda mrefu, kukasirika ovyo, kujitenga na wenzao. Hakuna aliyewafundisha. Njaa yenyewe ilitosha. Kwa hiyo ukiona mtoto wako habadiliki kwa nasaha, ujue ubongo wenye njaa hausikii nasaha vizuri. Unalishwa kwanza.

Wodini mambo ni haya haya. Milo mitatu na vitafunio mara tatu. Nusu saa kwa mlo, robo saa kwa kitafunio, kisha hukaa sebuleni saa nzima akiwa na mtu. Asipomaliza, hupewa kinywaji cha lishe cha kufidia. Akikataa hicho pia na hali ikiwa mbaya, mrija wa puani. Presha hupimwa amelala, halafu amesimama. Mizani huipanda akiwa ameipa namba zake mgongo, haoni uzito wake. Usimuulize namba. Usimwambie "umenawiri" wala "umejazia", maana yeye atasikia "umenenepa", na kesho sahani itarudi ilivyo. Muulize habari za aliokaa nao mezani.

Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye saa ile ya baada ya mlo, ukaniita askari jela. Na siri aliyoninong'oneza, kwamba anatapika, niliipeleka kwa nesi. Ndiyo, ni mimi. Anayetapika anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa huku potasiamu imeshuka kiasi cha kusimamisha moyo. Ulitaka nikae nayo siri ya namna hiyo mpaka lini? Ningekuwa shangazi mzuri wa kusimuliwa msibani.

Sikuahidi kwamba wodi itamponya. Wodi inampa mwili unaoweza kuongea na mwanasaikolojia. Tena huzuni na hofu yake huenda ikawa mbaya zaidi kilo za kwanza zikirudi. Atakuchukia, atakuandikia barua za kukukata maini. Usije na gari. Atatoka kwa ngazi: mlo mmoja nje, halafu mchana mzima, halafu usiku nyumbani. Baada ya hapo sahani unapakua wewe, unakaa wewe, miezi mingi, kwa sababu wengi wanaoanguka tena huanguka ndani ya mwaka wa kwanza. Nitakushika zamu za jioni, ukinikubalia.

Jumatatu nitakuwa getini saa moja na nusu. Mchukulie ndara pana, namba mbili juu ya yake. Miguu itavimba tena.