Kabla hujampa dawa ya minyoo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma, na nilipofika pale unaposema dawa ya minyoo unayo tayari na unangoja neno langu tu umnyweshe huyo kinyonga wako mpya aliyetoka porini, nikaona jibu lisichelewe. Usimpe. Sisemi hana minyoo. Kinyonga wa kukamatwa porini asiye na minyoo ni nadra kumpata, na mara nyingi huwa na aina mbili tatu kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba hujajua ni minyoo gani, hujui iko kwa wingi gani, na kwa jinsi ulivyomweleza, macho yamezama na mchana anasinzia, mwili wake hauna nguvu ya kupokea dawa kwa sasa.

Najua unaamini minyoo ndiyo iliyomfikisha hapo. Mimi naona safari ndiyo iliyomchosha, minyoo ikapata nafasi. Huko porini aliishi nayo tu. Choo chake kilianguka chini, mbali na anapolala, na kesho yake alikuwa mti mwingine. Kisha akakamatwa, akatiwa mfukoni au kwenye sanduku, akakaa siku kadhaa bila kunywa, akapita mkono kwa mkono, akachanganywa na wenzake wenye vimelea vyao. Kinga ya mwili ikashuka. Sasa yuko kizimbani, choo kinaangukia majani yaleyale ambayo baadaye atalamba matone ya maji, na nyenje asiowamaliza wanatambaa juu ya choo hicho kabla hajawadaka. Mayai machache yanarudi tumboni kila siku, na mzigo aliokuwa akiubeba bila taabu unamzidi.

Ndiyo maana napenda kutofautisha vimelea kwa njia vinavyosambaa, kabla ya kuuliza dawa. Vipo vinavyohitaji mnyama mwingine wa katikati ili vikue, konokono kwa mfano, au mdudu fulani. Minyoo bapa, tegu na ile minyoo yenye kichwa cha miiba ni ya kundi hilo. Inaweza kumdhuru, lakini haiwezi kuongezeka kizimbani kama mnyama wa katikati hayupo. Vinavyonitia hofu zaidi ni vile vinavyotoka kwenye choo na kurudi mdomoni moja kwa moja: strongili na oksiuri, ambayo ni minyoo ya mviringo ya tumboni, na koksidia, ambavyo ni vijidudu vya seli moja. Hivyo huzaana juu ya mnyama mmoja ndani ya sanduku moja mpaka vimmalize. Minyoo ya mapafu nayo haihitaji mnyama wa pili. Ukimwona anaachama mdomo wakati hajapatwa na joto, au ukiona ute mdomoni, mwambie daktari hilo kabla ya mengine yote.

Kwa hiyo anza na maji. Kinyonga haoni maji yaliyotulia bakulini kuwa ni maji. Anakunywa yanayotembea, matone yanayometa kwenye jani. Mnyunyizie maji mepesi kama ukungu mara kadhaa kwa siku, na juu ya kizimba weka chombo kinachodondosha tone moja moja taratibu, akae chini yake anywe hadi aache mwenyewe. Acha majani yakauke kati ya mnyunyizio na mnyunyizio, maana unyevu usiokauka huleta balaa lake. Tazama ile sehemu nyeupe ya choo chake. Ikiwa nyeupe safi, maji yanamtosha. Ikiwa ya njano au ya rangi ya chungwa, bado ana kiu hata kama umemwona akinywa. Mpime uzito kwa mizani ya gramu, saa ileile kila mara, uandike. Usimshike kwa sababu nyingine yoyote. Funika pande tatu za kizimba ili asimwone mtu wala mnyama mwingine, mpe tawi la juu, umwache.

Wakati unamnywesha, kusanya choo. Hapa nitaeleza kirefu, kwa sababu sampuli mbaya ni sawa na kutokupima. Toa udongo wote chini ya kizimba, tandika karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Asubuhi akishapata joto ndipo mara nyingi anapojisaidia, basi chungulia wakati huo. Chukua choo kikiwa bado kibichi, ile sehemu ya kahawia. Ile nyeupe peke yake haina msaada. Kitie kwenye kichupa kidogo safi chenye kifuniko kinachobana, na kama kinaelekea kukauka ongeza tone la maji ya chumvi ya hospitali. Kiweke kwenye friji, kisiingie kwenye sehemu ya kugandisha, na kifike maabara ndani ya siku hiyo au kesho yake. Lakini kama daktari anatafuta vijidudu vinavyoogelea, vile vya seli moja viitwavyo protozoa, friji inavilaza na kuviua, na kwa hivyo inabidi choo kifike kikiwa cha dakika chache. Muulize kabla. Choo kilichokauka kwenye karatasi tangu juzi usijisumbue kukipeleka.

Na usiseme tu "nipimieni minyoo". Mwombe daktari wa wanyama, awe aliyezoea wanyama watambaao ukimpata, afanye vipimo viwili kwa sampuli moja. Cha kwanza ni kupaka choo kidogo kwenye kioo na tone la maji vuguvugu na kutazama hapohapo kwa hadubini. Hapo ndipo huonekana vijidudu vinavyokwenda mbio na lava, yaani watoto wa minyoo, wakijinyonganyonga. Cha pili ni kuelesha: choo kinakorogwa katika maji mazito ya chumvi au sukari, kinachujwa, kinajazwa kwenye kichupa mpaka juu kabisa, na kijikioo chembamba kinalazwa mdomoni mwa kichupa. Mayai mepesi yanapanda na kunata kwenye kijikioo hicho, na baada ya kama robo saa kinainuliwa na kutazamwa. Yai la oksiuri mara nyingi ni refu, upande mmoja umelala bapa. La strongili ni la duaradufu, ganda jembamba, ndani seli zimejipanga. Oosisti za koksidia, yaani vijifuko vyao vyenye ganda vilivyo kama mayai, ni vitu vidogo zaidi, na kwa jicho lisilozoea hupita bila kuonwa. Mayai ya minyoo bapa ni mazito, hayaelei vizuri. Kwa hayo kuna njia ya kuyaacha yatuame chini. Kinyonga wa porini anastahili njia zote tatu.

Jambo jingine linalowapoteza watu: si kila yai linaloonekana kwenye choo ni la kinyonga. Nyenje na mende tunaowalisha wana utitiri wao na vijidudu vyao vya tumboni viitwavyo gregarini, na vyote hivyo vinapita ndani ya kinyonga bila kumgusa na kutokea upande wa pili. Mtaalamu asiyezoea wanyama hawa anaweza kuandika "mayai ya vimelea" na kinyonga akanyweshwa dawa kwa ugonjwa wa nyenje. Ukipewa jibu, omba jina la kimelea na kadirio la wingi wake. Jibu la "ana minyoo" halitoshi kumpa mtu dawa, seuze mnyama wa gramu themanini.

Tena, jibu safi la mara moja halimaanishi mnyama ni safi. Minyoo michanga bado haitagi, na iliyokomaa haitagi kila siku. Mimi simwiti kinyonga salama mpaka nione sampuli tatu safi, zilizopishana kwa wiki mbili hivi.

Sasa hiyo dawa uliyo nayo. Umeniandikia kuwa ni ivermektini. Rafiki yangu, iweke mbali. Kobe huuawa na dawa hiyo, na kwa vinyonga madaktari wengi huiogopa, hasa mnyama akiwa amekonda na hana maji mwilini. Halafu hata ukibahatika asidhurike, haigusi koksidia, haigusi tegu, haigusi minyoo bapa. Utakuwa umemwingiza kwenye hatari na nusu ya wageni wake wamebaki ndani wanakula.

Kila kundi lina dawa yake. Kwa minyoo mingi ya mviringo, madaktari huanza na fenbendazoli, kwa kawaida miligramu 25 hadi 50 kwa kila kilo ya uzito, na kurudia baada ya siku 10 hadi 14 ili kuiwahi iliyokuwa michanga mara ya kwanza. Tegu na minyoo bapa ni prazikwanteli. Vijidudu vya protozoa vyenye mikia ni metronidazoli. Koksidia wana dawa zao tofauti kabisa, kama toltrazurili au ponazurili. Nimekutajia ili umwelewe daktari akizungumza, si ili upime mwenyewe, na nikuoneshe sababu. Chukua kinyonga wa gramu 80 na kipimo cha miligramu 50 kwa kilo: anahitaji miligramu 4. Fenbendazoli ya maji ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo dozi yake yote ni mililita 0.04. Hiyo ni mistari minne midogo kwenye bomba la sindano la mililita 1. Ukiteleza nukta ya desimali umempa mara kumi, na fenbendazoli ikizidi hushambulia uboho na kushusha chembe nyeupe za damu, zilezile zinazomlinda. Daktari ataizimua kwanza ili iwe rahisi kupima. Wala usitamani kuua minyoo yote kwa mkupuo. Kwa mnyama aliyejaa, minyoo mingi ikifa siku moja inaweza kuziba utumbo au kummwagia sumu mwilini. Polepole ni salama zaidi.

Pia si lazima kila kilichoonekana kiuawe. Oksiuri wachache kwa kinyonga anayekula vizuri na kuongezeka uzito, daktari anaweza kuamua kuwaacha na kupima tena. Nakubaliana na uamuzi wa namna hiyo, hata kama moyo unataka mnyama asiye na doa.

Ulichoniambia kuhusu ule "uzi" ubavuni kimenishtua zaidi ya mengine. Mstari uliojikunja chini ya ngozi, unaoonekana leo hapa na kesho umesogea kidogo, kwa kinyonga wa porini huenda ukawa mnyoo wa filaria. Ni wa jamii moja na minyoo inayoleta matende kwa binadamu, ingawa huu ni wa kwao. Wanaofahamika sana kwa vinyonga ni jenasi ya Foleyella. Mkubwa hukaa chini ya ngozi, watoto wake huogelea kwenye damu, na mbu ndiye anayewahamisha. Kwa hiyo kipimo cha choo hakitauonesha hata ukikirudia mara ngapi. Mwombe daktari achukue tone la damu alitazame, maana watoto wa mnyoo huonekana wakipiga mikia kati ya chembe za damu. Na tiba yake usiitafute kwenye chupa. Mnyoo mkubwa ukifia ndani ya mwili huoza na kuleta uvimbe. Huwa unatolewa kwa mkato mdogo wa ngozi, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, unavutwa taratibu usikatike. Kinyonga mwenye nguvu anauvumilia mkato huo vizuri. Sababu nyingine ya kuanza na maji. Wewe usibonyeze, usichome sindano, hata kama unauona dhahiri.

Kizimba nacho kinahitaji kutibiwa pamoja naye, la sivyo unazunguka palepale. Karatasi ibadilishwe kila siku, choo kiondolewe mara tu kikionekana. Wadudu wa kula watiwe kwenye kikombe kilichoning'inizwa kwenye tawi, wasiachwe huru, na wanaobaki watolewe jioni. Mmea uwe mmoja, kwenye chungu, wa kuoshwa jani kwa jani. Matawi ya kawaida tupa na uweke mapya kila unapomaliza awamu ya dawa. Ikitokea ni koksidia, jua kwamba klorini ya kufulia haiziui oosisti. Mvuke wa moto na maji yanayochemka ndivyo vinavyofaa. Wengine hutumia amonia, lakini kamwe isikutane na klorini, kwa sababu gesi inayotoka hapo inaua mtu.

Likija jibu la kriptosporidiamu, kijidudu kingine cha seli moja cha tumboni, hapo tutazungumza kwa masikitiko. Hakuna dawa ninayoweza kukuahidi, na anaweza kuishi kwa muda akiwa anatapika na kukonda huku akiambukiza wengine. Uliza wapime choo kwa rangi maalumu kama anatapika chakula.

Yule kinyonga wako wa zamani asimkaribie mgeni kwa siku 90. Chumba kingine, koleo jingine, chupa nyingine ya kunyunyizia. Mhudumie wa zamani kwanza, mgeni mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Hata wewe na watoto mnahusika, kwa kuwa wanyama hawa hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, wakiwa wazima kabisa. Na kama mgeni ni jike, mwambie daktari kabla hajampa chochote. Majike wengi wa porini hufika wakiwa na mayai tumboni, na hilo hubadilisha hesabu yote ya dawa.

Ukipata majibu niandikie majina yote kama maabara ilivyoyaandika, hata usiyoyaelewa, pamoja na uzito wake wa siku ulipompokea na wa siku utakayoandika. Nitumie na picha ya huo ubavu, mwanga ukiwa unatoka pembeni.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.