Barua ya Malalamiko Kuhusu Mpango wa Malipo ya Wasambazaji

Mkurugenzi Mtendaji,
Kupitia Idara ya Huduma kwa Wasambazaji.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MPANGO WA MALIPO WA MIGUU MIWILI NA MADHARA YAKE KWA WASAMBAZAJI

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni msambazaji wa bidhaa zenu na kiongozi wa kundi. Sina neno juu ya bidhaa zenyewe, kwani wateja wangu ambao hawajajiunga na kampuni huzinunua na kuzirudia. Ninacholalamikia ni namna mnavyotulipa, kwa sababu malipo ndiyo yanayoamua msambazaji ashinde kutwa akitafuta mteja au akitafuta mtu wa kumsajili.

Bonasi kubwa katika mpango wenu hutolewa kwa kulinganisha pointi za mguu wa kushoto na za mguu wa kulia, yaani pointi zinazotokana na makundi mawili ya watu waliosajiliwa chini ya msambazaji, na malipo hufuata mguu ulio dhaifu. Tuseme msambazaji ana pointi 4,000 kushoto na 600 kulia: atalipwa kwa pointi 600, na zile 3,400 zilizobaki zitasubiri mpaka mguu wa pili ukue. Hapo ndipo inapoingia kanuni ya kuwa hai, inayosema kwamba asiponunua bidhaa za kiwango cha mwezi, pointi zake zote zinazosubiri hufutwa. Bidhaa ziliuzwa, fedha mlishapokea, ila kamisheni ya aliyeifanya kazi hiyo inapotea kwa sababu mwezi mmoja hakuwa na fedha za kununua.

Matokeo yake nayaona kila mwisho wa mwezi. Watu katika kundi langu hununua wasichohitaji ili kuokoa pointi, wengine kwa fedha za kukopa, na wengine husajili ndugu zao kwa majina tu ili mguu dhaifu upate pointi chache. Katika taarifa zenu manunuzi hayo huonekana kama mauzo, ilhali bidhaa zimelala ndani ya nyumba za wasambazaji bila kumfikia mtumiaji yeyote. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wanaoumia mapema ni watiifu, wale wanaohudhuria kila mafunzo na kufuata kila agizo la walio juu yao. Huambiwa kwamba hawajajituma vya kutosha, wakati hesabu yenyewe ndiyo inayowakwamisha.

Hesabu hiyo si ngumu. Mtu mmoja akiwa na wawili chini yake, hao wakawa na wanne, kisha wanane, kisha kumi na sita, safu ya mwisho ina watu 16 na walio juu yake wote ni 15. Kila safu mpya inapojaa, uwiano ni huo huo: zaidi ya nusu ya wanachama hawana mtu kushoto wala kulia, na hivyo hawawezi kupata bonasi hii hata wakijituma namna gani. Wanaoweza kuwapatia kipato halali ni wateja wa nje, na faida ya kuuza kwa mteja wa nje ndiyo sehemu ndogo kabisa ya mpango wenu.

Jambo hili limekwisha kujadiliwa na mamlaka za biashara. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliamua mwaka 1979 kwamba Amway, kampuni inayouza kupitia wasambazaji kama sisi, haikuwa piramidi haramu, yaani mpango unaolipa kwa kusajili watu badala ya kuuza bidhaa, na katika uamuzi huo ilizingatia kanuni za kampuni hiyo za kuwataka wasambazaji wauze kwa wateja na za kununua tena bidhaa zilizobaki. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa malipo nchini humo, ili angalau theluthi mbili ya zawadi za wasambazaji zitokane na mauzo ya rejareja yanayothibitishwa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba biashara ya mtandao, yaani ya kuuza kupitia wasambazaji wanaosajiliana, haiwezekani bila kanuni kama hizi zenu.

Ninaomba, kwa heshima na kwa msisitizo, mwache kufuta pointi zilizotokana na mauzo halisi, na kamisheni zihesabiwe kwa mauzo yanayomfikia mteja badala ya manunuzi ya msambazaji mwenyewe. Anayetaka kujitoa aruhusiwe kurudisha bidhaa ambazo hazijafunguliwa na arejeshewe fedha zake. Aidha, kabla ya mtu kusajiliwa aoneshwe kipato cha kawaida cha wanachama wote, wakiwemo wasiopata chochote, baada ya kutoa gharama za manunuzi ya kila mwezi. Picha za wachache waliofika ngazi za juu hazitoshi kuwa taarifa.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, na jibu lieleze ni lini kila ombi litatekelezwa au kwa nini limekataliwa. Hadi nitakapolipata sitamsajili mtu yeyote chini ya mpango huu, na wote walio katika kundi langu nimewapa nakala ya barua hii. Nisiporidhika na jibu, nitayafikisha malalamiko haya kwa mamlaka inayolinda watumiaji.

Wako katika kazi,

Msambazaji na kiongozi wa kundi