Shangazi, ile mifuko iliyo chini ya kitanda chako

Shikamoo Shangazi,

Tangu nitoke kwako Morogoro wiki iliyopita sijatulia. Niliinama kutafuta ndala zangu, nikakuta chini ya kitanda mifuko ya sukari imepangwa kama matofali, kilo 25, mingine imeganda tangu ule uhaba wa 2024. Nyuma yake kiroba cha dona. Nilipokifungua harufu ya uvundo ikanipiga, na fukusi wanatembea juu ya unga. Ukasema taratibu, "Niachie, mwanangu. Nyie hamjui."

Kweli hatujui. Mimi nimezaliwa enzi za ruksa za Mzee Mwinyi, maduka yamejaa. Wewe ulikuwa na mtoto mgongoni baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu alipoiomba nchi ifunge mkanda miezi 18, na mkanda ukakaa miaka. Ulinisimulia duka la kaya: unaamka saa tisa usiku unakuta mawe yameshapanga foleni, kila jiwe na mwenyewe. Unaweka lako. Jua linachomoza, linapanda, na ukifika dirishani unaambiwa sabuni imeisha. Mkafua kwa majani ya mpapai. Mkala unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, na mkashukuru. Ulipoanza msako wa wahujumu uchumi 1983, hata mwenye miche michache ya sabuni ya ziada alilala macho. Aliyepita huko akisikia neno "uhaba" redioni lazima moyo umruke. Wanaokuita mroho hapo mtaani nawakatalia mbele ya macho yao.

Lakini 1981 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha, na bidhaa nyingi zilipitia mashirika ya umma. Mlango ule ukifungwa, wote mmefungiwa. Mwaka 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, viwanda vikazalisha kidogo, kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000, hata huko kwenu kwenye mkoa wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa. Ikatangazwa bei elekezi, ikaingizwa sukari ya nje, na bei ikateremka. Walionunua mifuko kwa pupa walinunua wakati bei iko juu kabisa. Mwenye duka la pale kona alipoona watu wanagombania asubuhi, jioni akaongeza tena. Yule mama wa vitumbua jirani yako, anayenunua robo kilo kila siku, akakosa. Alizima jiko siku nne.

Kinachoniuma zaidi ni kile kikopo chako cha dawa. Nilikuta pakiti ya vidonge vya presha iko tupu, ukaniambia umevipumzisha kidogo kwa sababu hela imeenda kwenye kiroba. Shangazi, presha haipumzishwi. Nakusihi.

Sikwambii uache kuweka akiba, maana akiba ndiyo iliyotulea. Ila weka ya mwezi mmoja, kwenye ndoo yenye mfuniko, na cha zamani kiliwe kwanza. Dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, kwa hiyo inaharibika upesi kuliko sembe. Maharage nayo yakikaa mno hayaivi, yanakumalizia mkaa bure. Na sisi watoto tuna kosa kubwa: ndio tunaokutumia zile sauti za WhatsApp za "nunueni mapema", halafu hakuna anayepiga simu kukuuliza ndani kuna nini. Mimi nimeacha kuzisambaza, na nimewaambia wenzangu kwenye kundi la ukoo.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Nina ndoo mbili na vidonge vya miezi miwili. Ule unga wenye uvundo tutautoa pamoja na kuutupa, hata kuku tusiwape. Jioni tutamvukia mama wa vitumbua na kilo tano za sukari, na naomba umkabidhi wewe kwa mkono wako.

Mwanao.